Msifunike Kioo

Zaina, wewe na wenzako mliniomba niwaachie maelezo ya kazi kabla sijasahau. Kusahau bado, lakini macho yameanza kunichezea, na mtu wa kioo asiye na macho ni mzigo tu pale mdomoni mwa shimo. Nimerudi Kasongo kwa binti yangu, nimepewa kiti kibarazani, na wajukuu wananiita mstaafu. Barua ya kustaafu sikupewa, kwa sababu hata ya kuanza kazi haikuwepo. Ninaandika Kiswahili nilichofundishwa shule ya misheni, ila watu wakisema nitawaacha waseme kwa midomo yao.

Nilifika machimboni, juu ya Salamabila, nikitokea upande wa Lusangi ambako wazazi wangu walikuwa wakulima. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutwanga mawe. Tulikaa wanawake safu moja, kila mmoja na kinu chake cha chuma, tukiponda jiwe jeupe linaloficha dhahabu mpaka liwe unga. Jioni tulirudi nyumbani nyuso nyeupe, hata watoto wetu wakatucheka. Kushuka shimoni haturuhusiwi, hilo mnalijua. Wachimbaji husema mwanamke akishuka dhahabu itakimbia. Katika maisha yangu pale nimeona dhahabu ikikimbia mara nyingi sana, na hakuna mwanamke aliyekuwa ameshuka.

Aliyenitoa kwenye vinu ni Mama Mwavita. Nyinyi hamkumkuta kazini, kwa hiyo nimweleze. Alikuwa mjane wa hapa Kasongo, Muislamu wa familia ya zamani ya mjini, mrefu, mwenye sauti ya kufukuza mbuzi shambani. Alikuja machimboni kumfuata mwanawe wa pekee, Amisi, na alikuja na kabati lake la arusi limefungwa juu ya baiskeli. Darajani baiskeli ikateleza, mbao zikapasuka zote, kioo cha mlango kikapona. Alipofika hakuwa na kabati la kukirudishia, akakiegemeza nje ya hema. Jua likakipiga, likaruka, likaingia ndani ya shimo la jirani, na wachimbaji waliokuwa chini wakaanza kupiga kelele kwamba wanaona mpaka kwenye kucha zao. Kazi yetu yote ilianzia hapo, kwenye kabati lililovunjika.

Nilipoanza, mpango ulikuwa huu ambao nanyi mnautumia. Kioo kikubwa kinakaa juu, mtu mmoja anakishika na kukigeuza pole pole kulifuata jua. Kioo kidogo kinawekwa chini ya shimo, kimefungwa kwenye mianzi, kimeinama, nacho kinapokea jua na kulisukuma kwenye galeri, ile njia ya ndani wanayochimba wakifuata jiwe. Mtu wa pili analala kifudifudi mdomoni mwa shimo, amejifunika kitenge kizito kichwani asipofushwe na mbingu, anatazama ndani ya kile kioo kidogo. Anaona galeri yote mpaka ukuta wa mwisho. Tochi zilikuwepo, sikatai, lakini mwanga wa tochi ukipiga ukuta unafia pale pale. Jua likipiga jiwe jeupe linaruka tena, linakwenda kupekua kona ambazo wewe huzioni, na linarudi na habari.

Habari hizo ndizo zilizonipa shida. Siku ya kwanza Mama Mwavita alinilaza pale, akaniuliza nini kiko nyuma ya kona.

"Mama, mimi niko naona ukuta tu, unangaa."

"Acha pale panangaa. Pale jua imepiga, kila mutu anaona, hata kuku. Tazama pembeni yake."

Nikatazama pembeni, nikaona giza. Akaniacha nimelala vile vile mpaka shingo ikaniuma. Halafu, taratibu, lile giza likaanza kuwa na sura. Upande mmoja ulikuwa na wekundu hafifu sana, kama mtu ameupulizia. Nikamwambia. Akaita mchimbaji aliyekuwa ndani atoke, naye akatoka amebeba karai jekundu la plastiki alilokuwa ameliweka nyuma ya kona. Nilishtuka kuliko nilivyofurahi. Sikuwa nimeliona lile karai, ila niliona jua lilichokifanya baada ya kuligusa.

Akanifundisha maji. Mwanga wa pembeni ukitetemeka bila kutulia, kuna maji nyuma ya kona, na kama jana hukuyaona basi yameingia leo, watoe watu. Ishara ya kuwatoa ni moja, mnaijua. Unakiyumbisha kioo kikubwa, mwanga unacheza ukutani, na kila aliye ndani anaacha chuma chake palepale na kutoka. Siku moja alikiyumbisha kwa sababu yangu, nami sikuwa na hakika. Wanaume walitoka wamenuna, wakaanza kunisema kwa Kibangubangu wakidhani sielewi, mimi niliyezaliwa nacho. Walikuwa bado wananisema maji yalipotoboa ukuta kule chini. Tangu siku hiyo walinisema kwa adabu zaidi.

Akanikataza pia maneno kushoto na kulia. Kioo kinageuza mkono, na ukimwambia mtu aliye chini aende kulia unaweza kumpeleka kuzimu. Pale tulisema upande wa mto na upande wa mlima, basi. Kwenye mti wa kwanza wa galeri, upande wa mto, tulifunga kitambaa chekundu, ili anayesoma kwenye kioo asiwe na la kubahatisha. Kama kuna mmoja wenu ameacha kukifunga, akakifunge kabla hajaendelea kusoma.

Sasa niwaeleze siku ya Amisi, kwa sababu najua ndiyo mnayoitaka.

Amisi alikuwa mpiga miti. Kazi yake ilikuwa kusimamisha miti ya kushikilia paa la galeri, na alikuwa hodari, mtu wa kugonga kila mti kwa vidole na kusikiliza. Mvua zilikuwa zimenyesha mfululizo na udongo ulikuwa mzito. Asubuhi hiyo kulikuwa na jua kali, akashuka peke yake kukagua kabla wenzake hawajaingia. Sisi huku juu tulisikia mlio mmoja wa chini kwa chini, na vumbi likatoka shimoni.

Mama Mwavita alikuwa kijitoni akichota maji. Kabla hajafika, wanaume walishakaa chini, wamevua kofia. Mwanamke mmoja kwenye vinu akaanza kulia kwa sauti. Na Papa Sumaili, mwenye shimo, ambaye machimboni kote huitwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu, akachukua kitenge changu cha kazi, akakifunika kioo kikubwa. Hakuwa mtu mbaya. Kwetu nyumba ikipata msiba kioo hufunikwa, naye aliona anampa mama wa watu heshima yake.

Mama Mwavita akatokea, mikono bado inadondoka maji.

"Nani alifunika kioo?"

"Mama, pole sana," Papa Sumaili akasema. "Udongo imeanguka juu ya Amisi."

"Ulimuona?"

"Hapana."

"Ulimugusa?"

"Mama Mwavita, sikia..."

"Basi usinifunikie kioo. Kioo inafunikwa kwa maiti. Mutoto wangu haiko maiti."

Akakivuta kile kitenge, akanirushia mimi. "Jifunike weye. Ulale hapo, usome."

Hapa kuna jambo mnapaswa kulijua. Tangu kiangazi kilichotangulia macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Jua aliweza kulishika, kwa sababu alilisikia usoni na mikono yake ilikizoea kioo, lakini kusoma hakuweza tena. Kwa hiyo siku hiyo ilikuwa yeye alishike jua na mimi nimwambie kama mwanawe yu hai. 

Mchimbaji mmoja jasiri, Shabani, akakubali kushuka kukifuta kioo kidogo na kukisimamisha. Akapanda haraka, uso umemshuka. Akasema galeri imeziba, lakini juu ya kifusi limebaki tundu la kutosha kupitisha dumu la maji, na ng'ambo ya tundu unaonekana ukuta wa jiwe jeupe. Pale kwenye ukuta ndipo njia inapogawanyika, moja kwenda upande wa mto, moja kwenda upande wa mlima. Paa bado linadondosha mawe, mtu asikae pale. Aliita, akasikia mlio, lakini sauti ndani ya jiwe hutoka kila mahali, hakujua ni upande gani wala kama ni mtu.

"Asubui alisema anaenda kupiga miti upande wa mulima," Papa Sumaili akasema. "Bon. Tunaingia kwa shimo ya zamani, kule kwa muto, tunatoboa. Ni karibu. Tunamufikia mbele ya mvua."

Ni kweli ilikuwa karibu. Shimo la zamani liliingia ubavuni mwa kilima, chini yetu, upande wa mto, na mwisho wake ulitenganishwa na galeri yetu kwa ukuta mwembamba. Ukuta huo ukipigwa kwa vyuma ungeangukia ndani. Amisi akiwa upande wa mlima, ameokoka. Akiwa upande wa mto, wenzake wangemzika wao wenyewe. Na watu wa vyuma walikuwa wameshaanza kuteremka. Nyuma ya vilima vya Kabambare mawingu yalikuwa yanapanda.

Nikajifunika kitenge. Mama Mwavita akaligeuza jua, nikaliona likishuka, likapiga kioo kidogo, likapita galeri, likapenya tundu. Ukuta mweupe ukawaka. Nikaacha pale panapong'aa, nikatazama pembeni, upande wa mlima. Giza. Nikatazama upande wa kitambaa chekundu. Giza.

"Uko naona nini?"

Nikarudi kutazama upande wa mlima.

"Feza. Uniambie kile uko naona. Usiniambie kile niko nataka kusikia."

"Hakuna kitu, Mama. Giza pande zote mbili."

Nilimsikia akivuta pumzi. Mwanga haukutikisika hata kidogo. Mpaka leo nikikumbuka ile mikono iliyotulia, nalia.

Wingu likapita, kila kitu kikazimika, nikabaki na harufu ya udongo na mlio wa pampu ya maji kule mtoni. Lilipoondoka, jua likarudi ukutani. Na pembeni, upande wa kitambaa, nikaona weupe. Mdogo, mchafu, kama moshi. Ukaja, ukapotea, ukaja.

"Mama, kiko kitu. Upande wa muto. Mweupe."

"Inatembea?"

"Inakuja, inapotea."

"Inaweza kuwa maji," Papa Sumaili akasema juu ya kichwa changu. "Maji nayo inachezesha mwanga. Na mufuko yake ni mweupe, inaweza kuwa imelala tu kule na maji inapita juu yake."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, nami niliogopa jambo hilo hilo. Kila mchimbaji anashuka na mfuko mweupe wa kubebea mawe. Mfuko bila mtu ungeweza kunidanganya vizuri sana.

Mama Mwavita akasema taratibu, kama tuko darasani, "Feza, maji haichoke. Mutu anachoka. Tazama kama iko napumzika."

Nikatazama. Weupe ukaja, ukapotea, ukaja, ukapotea. Halafu ukakoma. Giza likakaa. Nilisubiri mpaka nikafikiri nimewaua wote wawili, mama na mtoto, kwa neno moja la haraka. Jasho lilinichoma macho, nikaogopa hata kupepesa. Ndipo ukarudi, safari hii pole pole, wa chini zaidi, kama mkono ulioshindwa kuinuka mpaka juu. Ukakoma tena. Ukarudi.

"Iko napumzika!" nikapiga kelele. "Mama, iko napumzika! Ni mutu! Iko upande wa muto!"

Papa Sumaili akakimbilia ukingo wa kilima akawaita watu wa vyuma. Pampu ikala sauti yake yote. Tayari walikuwa wameingia katika shimo la zamani. Shabani akaanza kuteremka mbio, lakini njia ile inazunguka na ilikuwa tope tupu, na tulipoweka masikio ardhini tulisikia pigo la kwanza la chuma.

Sikujua la kufanya. Mama Mwavita alijua, na nikamwona usoni kwamba alijua. Mdomo wa shimo la zamani ulielekea kwetu. Kulikuwa na kioo kimoja na jua moja.

"Feza, unielekeze. Siwaone."

Nikatoka kwenye kitenge, nikamshika mabega. Akakiinua kioo, akamwondolea mwanawe jua. Nikamgeuza mpaka mwanga ukateremka kilimani, ukavuka vichaka, ukaingia mdomoni mwa shimo la zamani. Akaanza kukiyumbisha. Alikiyumbisha kwa nguvu zake zote, machozi yanamtoka, na midomo yake inasema maneno ya dua niliyoyasikia nusu nusu. Pigo jingine la chuma likasikika. Halafu hakuna. Halafu mtu wa kwanza akatoka akiwa ameziba macho kwa mkono, na wa pili, na wote, kwa sababu ishara ni ishara, hata kama wanaume wananuna.

Tulipolirudisha jua kwa Amisi, hapakuwa na weupe. Nikasoma mpaka mawingu yakafika, sikuona kitu tena. Nikamwambia ukweli, kama alivyonitaka. Akasema, "Sawa," akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kioo magotini.

Wakakichimba kile kifusi wakikaa upande wa mlima, kwa mikono na sahani, wakipiga mti kila hatua. Mvua ilitunyeshea sote na hakuna aliyeondoka. Jioni, kabla giza halijaingia, wakamtoa. Mguu mmoja ulikuwa umepondeka, uso wote matope, na mkono wake ulikuwa bado umeng'ang'ania ule mfuko, ameugeuza ndani nje ili upande safi uonekane. Mama yake alikuwa amemfundisha hilo tangu zamani.

Alipomtambua mama yake akaanza kulia kama mtoto.

"Mama, jua ilikuja, nikapepea. Nikapepea. Kisha ikaenda. Nikasema, basi, wamefunika kioo."

Mama Mwavita akampangusa matope usoni kwa ncha ya kanga yake.

"Hapana, baba. Nilikuwa nayo kazi ingine kidogo."

Sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile kwenye mvua. Papa Sumaili naye alicheka, kisha akaenda nyuma ya vichaka, akakaa huko muda mrefu.

Amisi hakushuka tena. Alirudi Kasongo akichechemea, akafungua duka dogo la vyakula, na baada ya muda akamchukua mama yake, na mama akachukua kioo chake. Sisi tukabaki na vingine, mnavyovitumia sasa. Kesi nyingine ngumu zilikuwepo, na si zote zilitoka vizuri. Kuna siku nilisoma giza na giza likawa ndiyo jibu. Hizo sitaziandika.

Kiangazi hiki, nilipokuwa nimefika tu Kasongo na mizigo yangu haijafunguliwa, Mama Mwavita alifariki. Nilikwenda nyumbani kwao. Wanawake walikuwa wamejaa uani, na mmoja alikuwa ameshika kitambaa anakielekea kioo. Amisi akamzuia. Akaja kwangu.

"Mama Feza, nitaingia kaburini mimi mwenyewe kumupokea. Ile mwanandani ni ndefu, iko ubavuni, ndani kutakuwa giza. Sitaki nimulaze pasipo kuona."

Mkijua makaburi ya Waislamu mnajua mwanandani, ule uvungu unaochimbwa ubavuni mwa kaburi ambamo maiti hulazwa. Ukisimama juu huuoni. Mzee mmoja akanung'unika. Mwalimu wa msikiti akatafakari, akasema hajasoma mahali popote kwamba jua limekatazwa makaburini.

Wanawake huishia ukingoni mwa makaburi, na mimi, Mkristo tena, nikaishia hapo pamoja nao. Nilizoea, maisha yangu yote nimefanya kazi nikiwa nimesimama pale ninapoishia. Shemeji wa Amisi akasimama juu ya kaburi na kioo kidogo, nami nikaligeuza jua kwa kioo cha kabati la arusi. Likaenda juu ya vichwa vya wanaume, likashuka kaburini, na ndani ya kile kioo kidogo nikaliona likipiga ukuta wa udongo mwekundu. Sikutazama pale. Nilitazama pembeni yake. Wakateremsha sanda, na ule udongo mwekundu ukawa mweupe, polepole, mpaka ukingoni.

Nikalishika jua pale, mikono imetulia kama alivyonifundisha. Walipopanga mbao weupe ukapungua, ukapungua, ukabaki wekundu wa udongo peke yake. Nikasubiri kwanza, labda anapumzika.

Halafu nikafunika kioo.